Pumzi 20 kila kitanda: kwa wadogo zangu mnaoanza wodini

Wadogo zangu, juzi asubuhi nimepitia chati za wodi ya wazazi. Aliyejifungua salama, pumzi 20 kwa dakika. Mwenye malaria kali, 20. Mwenye kifafa cha mimba, 20 usiku kucha. Nawapenda, lakini hili la kuandika namba bila kuhesabu nimelikemea mpaka sauti imekauka, kwa hiyo sasa naliandika.

1. Usichokipima usikiandike. Katika hospitali moja ya wilaya, mwenzetu alikuwa na mama wa kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi mwilini hudidimiza pumzi. Masharti mnayajua: kabla ya dozi inayofuata, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Wodi ilifurika, wengine wamelala chini kwenye mikeka, naye yuko peke yake. Akajaza chati mapema: 20, 20, 20, goti tiki, mkojo tiki. Akachoma dozi.

Tulipokabidhiana zamu nikataka twende kitanda kwa kitanda. Mama amelala mdomo wazi, mfuko wa mkojo una vijiko vichache tu. Nikaweka mkono kifuani pake, macho kwenye saa, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 9. Nikagonga goti, kimya. Tukasimamisha magnesiamu, tukampa oksijeni na kumchoma kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu, gramu 1 polepole mshipani. Mungu alisaidia, alipona.

Mumewe akataka maelezo, faili likachukuliwa. Mwenzetu alikuwa na utetezi mzuri: wodi nzima, muuguzi mmoja. Upungufu wa watu si kosa la muuguzi, na nitalisema hilo mbele ya yeyote. Ila chati ilisema amepima kila kitu, kwa mwandiko wake na saini yake. Utasemaje ulizidiwa, na karatasi yako inasema ulimaliza? Mimi nikaitwa kuandika nilichokikuta, dhidi ya mtu aliyenifundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Nililia nikiandika.

Ukizidiwa, andika hivyo hivyo: "Saa nane usiku, sijampima, niko peke yangu, nimempigia daktari wa zamu." Mstari huo unamlinda mgonjwa, maana anayekuja baada yako atajua aanzie wapi. Unakulinda na wewe. Mwajiri anaweza kukuita, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda linaweza kukufuta kwenye rejista chini ya sheria ya 1996, na mahakama ina njia yake. Wote wataanza kwa kufungua faili.

2. Cheti cha chuo si leseni. Bila usajili na leseni ya Baraza hufanyi kazi, hata kwenye kliniki ya mjomba.

3. Dole gumba si ridhaa. Sisi tunaohudumia Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali tunaliona kila wiki: fomu ya Kiingereza, mama anapakwa wino, anapelekwa upasuaji hajui anakatwa nini. Kiswahili mnakijua, ketini naye mumweleze. Hati ya Haki za Wagonjwa inampa haki ya kuelezwa kwanza, na ya kukataa pia. Wala msimfanye jirani wa kitanda kuwa mkalimani. Nilimkuta kijana mmoja anatoa majibu ya VVU kupitia mama wa kitanda cha pili, tena kwa sauti! Sheria ya VVU ya 2014 inalinda siri ya majibu hayo, na yule dada alikuwa bado anarudi kambini kuishi na majirani wale wale.

4. Mofini, dawa ya maumivu makali. Tangu 2004 Uganda inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa. Ni yule aliyesomea tu. Wewe mwite, usimwache mgonjwa wa saratani akilia maumivu mpaka daktari arudi Jumatatu.

5. Daktari akiagiza dawa kwa simu: rudia dozi kwa sauti, andika saa na jina la daktari. Akisema "sista, nitasaini baadaye", mfuate kabla hajawasha gari.