Namba D au namba E?

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini Vitz mbili za mwaka 2018 zinapishana bei wakati moja ni namba D na nyingine E tu, na uchukue ipi. Herufi hiyo ya kwenye pleti inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mwaka lilioundwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Omba kadi halisi, si kopi, na ulinganishe chesisi namba na ile iliyogongwa kwenye bodi. Kuna watu wanalipia herufi E kwenye gari la 2009.

Mimi ningeanza na ya D, maana mwaka ni uleule na bei yake ni ndogo. Imekula barabara zetu muda mrefu zaidi, kwa hiyo tegemea bushi na shokapu kuchoka, ila hivyo vinanunulika. Kinachofilisi ni gia boksi. Vitz hizo za otomatiki ni CVT, yaani gia boksi isiyo na gia za hatua, na fundi akiimiminia ATF (oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida) badala ya oili ya CVT, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Ijaribu kwenye mlima ikishapata moto, usiridhike na kuzunguka yadi.

Kilometa za dashibodi hurudishwa nyuma. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye fremu: mara nyingi hubaki stika ya gereji ya Japani ya kubadilisha oili, yenye tarehe na kilometa (hakikisha si zile za oili inayofuata). Mwaka ukiandikwa R2, hiyo ni kalenda ya Kijapani: jumlisha 2 na 2018, ni 2020. Stika ikisema 61,000 na dashibodi 48,000, aga uondoke. Ikiwa imebanduliwa, raba ya pedeli ya breki iliyolika itakusimulia.

Nenda asubuhi na fundi wako mwenyewe, na dalali asiliwashe gari kabla hujafika. Boneti ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Ukikuta mstari wa tope, gari liliingia mafuriko, na hilo hata kwa nusu bei liache, maana kutu ya kwenye nyaya haiishi. Sumaku ndogo isiposhika kwenye mlango au madigadi, kuna puti iliyoziba palipobonyea. Bampa ni plastiki, usiihangaikie.

Angalia pia faini za barabarani kwa namba ya gari, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujamaliza malipo. Bushi na shokapu fundi akupigie hesabu, kisha uikate kwenye bei ya ile ya D.

Baba yako