Unataka kupaka rangi dari mwenyewe? Soma hii kwanza

Dari sio ukuta jamani. Mimi niliichukulia kama ukuta tu, nikashika rola asubuhi nikijua mchana nimemaliza, na kweli nikamaliza, ila kesho yake jua la asubuhi lilivyopiga dirishani nikaona mistari mipana imekatiza dari nzima, mingine imekoza mingine imefifia, na pembeni kote kuna mkanda kama mtu kachora fremu. Ikabidi nirudie yote.

Kosa langu ni kwamba nilizungusha brashi kingo zote za chumba, nikashuka nikala nikapumzika, ndo nikarudi na rola, na muda huo kingo zilishakauka. Rangi mbichi ikipanda juu ya iliyokauka unapata matabaka mawili sehemu moja, na kwenye dari hayajifichi kwa sababu mwanga wa dirishani unapita ubavuni unaonyesha kila kitu. Siku hizi napiga brashi kipande cha mita moja au mbili, rola inafuata hapo hapo, ndo nahamia kipande kingine. Mkiwa wawili ni raha sana, mmoja brashi mmoja rola. Anzia upande wa dirisha urudi nyuma, na kila mstari wa rola uupande kidogo ule uliopita ukiwa bado unang'aa kwa ubichi, ukishafifia ujue umechelewa. Feni izime, inakausha kingo haraka mno, na ukishaanza usipumzike mpaka dari iishe, simu iite tu.

Rola iwe na fimbo ndefu usimame chini sakafuni, na simama nyuma kidogo sio chini yake kabisa, shingo itakushukuru. Vaa miwani ya kukinga macho, hilo silijadili. Kwa dari laini manyoya ya rola ya urefu wa milimita 10 hivi yanatosha, dari inayokwaruza inataka marefu zaidi. Sikiliza rola pia, ikidondosha umeichovya sana, ikianza kulia kavu kavu usiikandamize, irudishe kwenye rangi.

Rangi chukua ya maji isiyong'aa, maana inayong'aa inaanika kila kibonde na kila kiraka cha puti, ile ya kuzibia nyufa. Lita moja inapaka kama mita 10 za mraba mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 mikono miwili ni lita 3 na kidogo, nunua 4 kwa pamoja usije ukaishiwa katikati.

Sasa madoa ya maji, yale ya kahawia yenye duara. Nililipaka langu mikono miwili likapotea, baada ya siku chache hilo hapo limerudi rangi ya chai. Rangi ya maji inaliyeyusha doa na kulivuta juu, hata upake mikono mitano. Ziba panapovuja kwanza, acha pakauke kabisa, halafu paka praima, yaani rangi ya kutangulia, ya mafuta ya kuzuia madoa, ndo rangi yako ifuate. Kama ni ukungu mweusi usiufunike, osha na dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usiichanganye na sabuni au dawa nyingine yoyote, hewa inayotoka inaweza kukuumiza vibaya.

Kabla ya yote toa vitu chumbani au vifunike, futa vumbi na utando wa buibui, na zima umeme kwenye swichi kubwa kabla hujalegeza kifuniko cha taa. Nyumba ikiwa ya zamani sana usipige msasa mkavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Mkono wa pili usubiri kama masaa 4 au kadiri kopo linavyosema, na uupige kukatiza ule wa kwanza, kama wa kwanza ulienda urefu wa chumba huu uende upana. Mara ya pili nilifanya hivyo, asubuhi nikajilaza sakafuni jua likiingia, nikaikagua dari kona hadi kona, sikuona hata mstari mmoja, ndo nikarudisha kitanda.