Msalaba mwekundu mgongoni hauzuii risasi

SWALI: Mimi ni nesi, niko Koboko, Uganda. Kikundi chetu kinataka kuvukia mpaka wa Oraba kwenda Yei, Sudan Kusini, kujitolea kutibu majeruhi. Kuna mtu anatuuzia jaketi za mitumba za kuzuia risasi na vizibao vyenye msalaba mwekundu. Vitatutosha njiani?

JIBU: Dada yangu, havitoshi, na hivyo vizibao vitawaongezea hatari. Nafundisha usalama watu wa misaada hapa Arua, na karibu kila kundi huja na swali hili, kana kwamba msalaba ni hirizi. Alama ile imewekwa na Mikataba ya Geneva, nayo haivaliwi na kila mwenye moyo wa kusaidia. Humlinda mtu pale tu makamanda wa pande zote wanapojua ninyi ni nani, mnapita lini na kwa gari gani, wakakubali. Askari wa kizuizi cha barabarani asiyewajua, akiona kizibao kilichochapwa sokoni, atawadhania majasusi.

Tena hata waliofuata taratibu zote wameuawa. Aprili 2001, hapo Ituri kwa jirani zetu wa Kongo, watu sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa wakiwa safarini na magari yenye alama. Gaza, tarehe 1 Aprili 2024, waliuawa saba wa World Central Kitchen, shirika la msaada wa chakula. Nembo ilikuwa juu ya paa la gari, na jeshi la Israel lilikuwa na taarifa ya safari yao.

Jaketi laini huzuia risasi za bastola na vipande vya bomu. Risasi ya AK-47 huipenya, isipokuwa kuwe na bamba gumu ndani. Mwanafunzi wangu aliniletea moja ya mitumba. Nilipofumua mshono wa ubavuni nilikuta vipande vya zulia. Zulia! Aliyemuuzia alijua anachokifanya, sawa na hawa wanaogawa vyeti vya usalama kwa mafunzo ya nusu siku, ambamo hakuna hata mmoja aliyefundishwa kufunga jeraha linalomwaga damu.

Wanaouawa zaidi katika kazi hii ni wenyeji: madereva, wapagazi, manesi kama wewe. Muulize kiongozi wenu nani amezungumza na wenye silaha kati ya Kaya, mji wa mpakani upande wa Sudan Kusini, na Yei, ukijeruhiwa gari gani litakurudisha, na bima ipi italipa. Akikosa majibu, usivuke. Watu wa Yei wengi wako kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, hapo Yumbe, na wanahitaji nesi leo.