Geuza Nguo Kabla ya Kusoma Lebo

Juni na Julai ndiyo miezi yangu ya mavuno. Baridi ya Mbeya ikishakaza, wauza mitumba wa Mwanjelwa hutoa makoti yote yaliyokosa mnunuzi Dar es Salaam, maana koti zito la sufu utalivaa wapi Kariakoo? Huku kwetu, kuanzia Uyole kwenda Tukuyu, na kule Makete na Njombe ambako kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, koti ni hitaji kama lilivyo jembe. Ndiyo maana mwalimu wa sekondari kama mimi, mwenye mshahara unaojulikana, ameweza kukusanya nguo za wabunifu, zile tulivu zisizo na pambo, ambazo wenzetu wa Ulaya huzitafuta kwa fedha nyingi.

Nina nguo 23 tu. Nimezikusanya kwa miaka kumi na zaidi, na kila moja naivaa. Wengi wananiuliza naanzaje, naangalia nini, najuaje kwamba hii ni nguo na hii ni kitambaa kilichoshonwa. Leo nijibu kwa pamoja.

Koti la kwanza nililipata mwaka 2014. Lilikuwa limetundikwa nyuma kabisa ya kibanda, limefunikwa na majaketi ya rangi kali yenye manyoya kwenye kofia. Bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Halikuwa na mkanda, wala kifungo hata kimoja huoni, kwa sababu vifungo vyote vilifichwa chini ya ukingo wa kitambaa. Nikalivaa juu ya sweta langu la kazini. Kijana aliyekuwa anauza akaniangalia, akasema, "Mwalimu, hilo limekukaa," akanyamaza. Wauzaji wa pale hawanyamazi ovyo. Nililipa shilingi 18,000.

Nyumbani ndipo niliposoma lebo: Jil Sander. Sikuwahi kulisikia jina hilo. Nikasoma kwenye simu hadi usiku wa manane. Ni mwanamke wa Kijerumani aliyeanza biashara yake Hamburg mwishoni mwa miaka ya 1960, akajijengea heshima kwa nguo zisizo na pambo lolote, za kitambaa cha hali ya juu na mkato usio na kosa. Mwaka 1999 Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, walinunua sehemu kubwa ya kampuni yake, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaondoka, ingawa baadaye alirudi mara mbili. Wakusanyaji hupenda kujua nguo ni ya kabla au baada ya kuondoka huko. Mimi nilichojua usiku ule ni kwamba koti lile lilikuwa limenishika kabla sijasoma jina.

Na hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa. Acha mkono na jicho vitangulie, lebo ije mwisho. Gauni lenye shanga, lesi na maua linaweza kumfichia fundi makosa mengi. Nguo isiyo na kitu haina pa kujificha. Mshono ukipinda utauona ukiwa ng'ambo ya barabara, na kitambaa kikiwa duni kitalegea magotini na viwikoni mwezi wa kwanza. Urembo wa nguo ya namna hii wote umo kwenye kazi, na kazi iko upande wa ndani.

Kwa hiyo geuza nguo. Mimi naigeuza palepale kibandani, bila haya. Naangalia kingo za mishono: je, zimepigwa ovaloki ya harakaharaka na nyuzi zinaning'inia, au zimefunikwa kwa utepe wa kitambaa? Bitana imeshonewa kwa mkono kwenye upindo, kwa vijishono vidogo visivyolingana sana? Hiyo ni dalili njema. Upindo una kitambaa cha akiba cha vidole viwili au vitatu? Mtengenezaji anayebana matumizi hakuachii akiba. Matundu ya vifungo yawe yameshonwa kwa kubanana, bila uzi kuchomoza. Kifungo cha gamba la chaza hukaa baridi ukikigusisha shavuni, wakati cha plastiki hushika joto la mkono upesi.

Halafu kitambaa. Kunja sehemu ya koti ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Sufu nzuri itajinyoosha yenyewe taratibu. Ukiwa bado na shaka na muuzaji akikuruhusu, vuta uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki jivu linalosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka, ikapoa ikawa kijipunje kigumu. Mwisho inua nguo uelekeze kwenye jua. Matundu ya nondo hayaonekani nguo ikiwa imelala, lakini mwanga hauyafichi. Usisahau kwapani, hasa kwa hariri: jasho la miaka huiozesha, na hariri iliyooza hakuna fundi wa kuirudisha.

Sasa lebo. Ikisomwa vizuri, hukupa umri wa nguo. Iliyoandikwa Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya Ujerumani mbili kuungana Oktoba 1990. Alama ya Woolmark ya sufu halisi, ile inayofanana na fundo la uzi, ilianza mwaka 1964, kwa hiyo nguo yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo. Ukikuta ndani ya sketi ya Kimarekani kilebo kidogo cha chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kilichoandikwa ILGWU, jua ni ya kabla ya 1995, mwaka ambao chama hicho kiliungana na kingine. Na jina la Céline, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, likiwa na kile kialama juu ya herufi ya e ni la kabla ya Septemba 2018. Mwingereza Phoebe Philo aliibunia nyumba hiyo kuanzia 2008 hadi alipoondoka karibu na wakati huo, na nguo za miaka yake zinatafutwa sana. Ninayo suruali moja ya namna hiyo, nyeusi, ya kiuno cha juu. Nikiivaa nasimama wima hata nikiwa nimechoka.

Majina mengine ya kuyaweka kichwani kwa wapenda nguo tulivu: Helmut Lang wa Austria, aliyeiacha lebo yake mwaka 2005, Max Mara wa Italia, ambao koti lao maarufu la rangi ya ngamia lilibuniwa na Anne-Marie Beretta mwaka 1981, na Calvin Klein wa New York, ingawa jina hilo limewekwa kwenye nguo za daraja nyingi mno, kwa hiyo hapo geuza mara mbili.

Kuna jambo nililojifunza kwa uchungu kuhusu majina. Niliwahi kununua mkoba mtandaoni, wenye nembo kubwa ya shaba mbele, kwa shilingi 140,000. Ulipofika gundi ilikuwa inaonekana pembeni na mshono wa mpini ulikuwa na hatua tofauti kushoto na kulia. Muuzaji hakupokea simu tena. Fedha ile nilikuwa nimeiweka kwa miezi mitano. Tangu hapo sinunui kitu nisichoweza kukishika. Nimeona pia kwamba wanaoghushi hukimbilia nembo zinazoonekana mbali. Shati jeupe lisilo na alama nje ni nadra kulikuta limeghushiwa, kwani faida yake ni nini?

Umbo nalo lina mipaka yake. Fundi wangu anaweza kupunguza mikono, kuingiza kiuno, kushusha upindo. Mabega hayagusi. Huniambia, "Mwalimu, bega likikataa, koti limekataa," na mara mbili nilizombishia nilipoteza koti na fedha ya ushonaji. Kwa hiyo mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia, au uwe umekusudiwa kushuka tangu ulipobuniwa. Vingine vyote vinazungumzika.

Nije kwenye swali ambalo huulizwa na ndugu zaidi ya marafiki. Mama mkwe wangu, mtu wa Rungwe, aliniona kwenye harusi nimevaa gauni jeusi la mikono mirefu, akanivuta pembeni: "Mwanangu, mbona umevaa kama mfiwa?" Alikuwa na haki. Kwetu rangi ina lugha yake na harusini watu wanataka kuona furaha. Sikubishana. Siku hizi harusini navaa kitenge changu kilichoshonwa vizuri, na nguo zangu tulivu ninapoenda kazini, kanisani na safarini. Nikivaa nyeusi naweka hereni kubwa au kitambaa cha rangi shingoni. Anayekuambia lazima uchague kimoja usimsikilize.

Tena utulivu huu haukutufikia kwa meli. Bibi yangu mzaa mama, Mhehe wa Kilolo, alikuwa na mgolole mmoja wa kwenda nao kwenye shughuli. Kipande kimoja cha kitambaa, fundo moja begani, basi. Akitokea mlangoni watu walimpisha. Nilipolivaa lile koti la bluu mbele ya kioo, bibi ndiye niliyemkumbuka.

Kutunza ndiko kunakowashinda wengi. Sweta langu la kwanza la kashmiri, ile sufu laini ya mbuzi, nililifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalisugua kama sare ya shule. Likatoka dogo na gumu, likawatosha watoto. Uzi wa sufu una magamba madogo mfano wa samaki. Joto, sabuni kali na kusugua huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani. Sasa natumia maji ya baridi na shampuu kidogo ya nywele, nabonyeza tu, nalikunja ndani ya taulo kukamua maji, kisha nalilaza kivulini. Sweta usilitundike likiwa bichi, litarefuka hadi magotini.

Mvua zetu huanza Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo kabati hushika unyevu. Usihifadhi nguo kwenye mifuko ya plastiki, utaikuta na ukungu. Mimi nazifunga kwenye kanga kuukuu za pamba. Kila nguo iingie kabatini ikiwa safi, kwa sababu viwavi vya nondo hupenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Karafuu hunukia vizuri lakini haziui kitu. Nikiwa na mashaka na sweta jipya la mtumba nalifunga vizuri na kumwomba jirani mwenye friza anikalishie siku kadhaa, ndipo liungane na mengine. Jua la asubuhi kila baada ya wiki kadhaa linatosha. La mchana hupausha rangi.

Kuhusu bajeti sina mengi. Natenga shilingi 30,000 kwa mwezi, na ipo miezi mitatu mfululizo ambayo sikununua kitu.

Lile koti la bluu bado ninalo. Juni hii bitana yake imeanza kuachia kwapani upande wa kulia. Nimeshapata mita mbili za bitana ya rangi ileile, laini kidogo kuliko ya mwanzo, na Jumatatu jioni nampelekea fundi kabla baridi haijatuacha.