Kamba Kwanza, Bahari Baadaye: Kwa Mwalimu Mgeni wa Fizikia Lamu

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Lamu, ukifika kwenye mawimbi mkingamo, yale ambayo kitu kinachopitiwa na wimbi husogea kukingama na njia ya wimbi, utatamani kuwatoa wanafunzi nje uwaonyeshe bahari. Subiri kwanza. Wimbi la bahari si mkingamo kamili. Maji ya juu huzunguka: hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka, kisha hurudi nyuma, na karibu na ufuo mzunguko huo hubanwa ukawa bapa. Ukisema maji yanapanda na kushuka tu, mtoto wa mvuvi aliyekulia mashuani atakukatalia kimoyomoyo, na ana haki.

Anza na kamba. Tafuta nene na nzito, kama mita 6. Kwa mafundi wa majahazi haikosi. Wengi hukimbilia uzi wa nailoni kwa sababu ni rahisi kubeba, ila wimbi hupita humo mbio kabla jicho halijalikamata. Kasi ya wimbi inategemea mkazo wa kamba na uzito wake kwa kila mita. Kamba ya gramu 100 kwa mita, ikikazwa kwa nguvu ya nyutoni 2.5, hupitisha wimbi mita 5 kwa sekunde. Nailoni ya gramu 2 kwa mita, kwa mkazo huohuo, hufika mita 35 hivi. Ilaze kamba juu ya sakafu ya saruji, ikielekea mlangoni, maana ikining'inia kwa mkazo mdogo hivyo itabonyea.

Katikati funga kitambaa chekundu na upige alama ya chaki sakafuni chini yake. Kabla hujarusha, uliza: kitambaa kitaishia wapi? Kila mmoja aandike jibu daftarini. Wengi husema kitabebwa mpaka mwisho. Sasa rusha mkono mara moja tu, kando. Wimbi linakimbilia mlangoni. Kitambaa kinaruka upande wa dirisha na kurudi palepale penye chaki, hakikusogea hata shibiri kuelekea mlangoni. Rudia polepole, na usiseme neno. Wao wenyewe waseme kipi kilienda wapi. Wakishataja mlango na dirisha, chora pembe ya digrii 90 ubaoni, na jina la mkingamo litaje hapo, si kabla.

Swali la pili nalipenda zaidi: ukirusha kwa nguvu, wimbi litafika mapema zaidi? Karibu darasa zima litasema ndiyo. Wapime kwa saa ya simu. Kimo kinaongezeka, muda haubadiliki. Kisha wavute kamba ikaze, ndipo waone linawahi.

Ukitaka pia kuwapanga wanafunzi wenyewe wawe wimbi, kila mmoja akichuchumaa baada ya jirani yake, wavulana wawe na safu yao na wasichana yao. Wazazi wa hapa watakushukuru.

Bahari sasa. Chagua siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, na ungoje wakati hayajai wala hayapwi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa mlango wa Lamu huzoa kila kinachoelea, na wanafunzi wataondoka wakiamini ni wimbi lililokizoa. Tupa kifuu cha nazi mbali na mahali mawimbi yanapovunjika, wakitazame kwa ubavuni. Halafu kila mmoja achore njia mbili kwenye ukurasa mmoja: ya kitambaa na ya kifuu.