Maswali na majibu: Parasha mikononi mwa watoto

Simchat Torah, sikukuu ya kumaliza mzunguko wa kusoma Torati, imepita, tumeanza tena Mwanzo, na maswali ya wazazi na walimu wa watoto wadogo kuhusu parasha, yaani sehemu ya Torati inayosomwa kila wiki, yamerundikana. Nimechagua haya.

Wiki hii tunasoma parasha gani?

Tazama kalenda ya Kiyahudi. Swali hili linaletwa kila wiki na jibu ni lile lile. Ila jihadharini: siku ya nane ya Pasaka ikiangukia Sabato, Israeli, ambako Pasaka ni siku saba, hututangulia sisi tulio nje kwa parasha moja kwa wiki kadhaa. Ukinakili mpango wa mwalimu wa Yerusalemu wakati huo, utawafundisha watoto hadithi ambayo hawataisikia sinagogi.

Kila mwaka kwenye Nuhu tunapaka rangi safina na wanyama wawili wawili. Mwanangu wa miaka mitano amechoka.

Ana haki ya kuchoka. Msomee aya kwanza, kazi itoke humo. Urefu dhiraa 300, upana 50, kimo 30, na dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Apime chumba kwa mkono wa baba, kisha kwa wake, aone hesabu zinavyotofautiana. Tokeni nje mtembee urefu wa safina: ni zaidi ya mita 130, inaupita uwanja wa mpira. Hapo atauliza mwenyewe ilijengwaje.

Kisha lami, ambayo Torati inasema ipakwe ndani na nje. Chukueni karatasi mbili, moja muisugue kwa mshumaa pande zote, nyingine muiache ilivyo, mkunje mashua mbili na kuziweka kwenye beseni la maji. Ile tupu italoa kitako na kuanza kulala ubavu. Ile ya nta itabaki inaelea, matone yakiteleza juu yake. Baada ya hapo huna haja ya kumweleza lami ilikuwa ya nini.

Na hao wawili wawili: sura ya 7 inasema wanyama walio safi waliingia saba saba, dume na jike. Picha za kupaka rangi hazionyeshi hilo, ndiyo maana tuna watoto wakubwa wanaobishana na Torati wakitetea picha.

Binti yangu ana faili zima la kazi za parasha, lakini nikimuuliza hadithi hajui. Tatizo ni nini?

Tatizo ni sisi walimu. Tunatafuta kitu cha kupeleka nyumbani ili mzazi afurahi, tunakata vipande wenyewe, mtoto anabandika tu. Chukua Ibrahimu na wageni watatu. Hema la vijiti na karatasi linamfundisha kutumia gundi. Mketishe mlangoni jua likiwaka, wageni waje, na mwambie akimbie, kwa sababu Torati inasema Ibrahimu alipiga mbio kuwalaki, na akapiga mbio tena kwenda kwenye ng'ombe. Alete maji ya kunawa miguu, alete mkate. Jioni muulize Ibrahimu alifanya nini, utasikia.

Naweza kuwapa watoto kazi hizi Sabato asubuhi wakati wakubwa wanasali?

Kukata, kubandika, kuchora, kuandika: hapana. Kazi 39 zilizokatazwa zinatokana na ujenzi wa Maskani, lile hema la ibada la jangwani, na mkubwa hampi mtoto kazi iliyokatazwa kwa kuwa ni mdogo. Fanyeni yote kabla jua la Ijumaa halijatua. Sabato waigize: Rebeka na mtungi mtupu, watoto wengine wawe ngamia kumi.

Vayikra (Mambo ya Walawi) ni damu na dhabihu tupu. Niiruke?

Usiiruke. Ni desturi ya zamani watoto kuanza masomo yao na kitabu hicho hicho, wahenga wakisema walio safi waje washughulike na yaliyo safi. Waonyeshe neno la kwanza, ambalo herufi yake alef huandikwa ndogo kuliko nyingine, na uwaache wakisie kwa nini. Halafu sadaka ya unga ya sura ya 2: wapime unga, watie mafuta na chumvi, wanuse ubani. Msiuchome. Waulize kwa nini asali imekatazwa, na usikimbilie kujibu.

Lakini parasha hiyo huja karibu na Pasaka, kwa hiyo fagia unga wote. Na hapa niongeze jambo ambalo hakuna aliyeuliza: unga wa ngano uliokandwa kwa maji ili watoto wauchezee ni chametz, yaani nafaka iliyochachuka, ambayo haitakiwi kuwepo wakati wa Pasaka. Picha za makaroni zilizobandikwa ukutani nazo pia. Kagueni makabati ya darasa.

Bereshit, parasha ya kwanza ya Mwanzo, watoto wamchore Mungu vipi?

Wasimchore kabisa. Kumbukumbu la Torati sura ya 4: hamkuona umbo lolote. Wachore nuru na giza.

Karatasi za mwaka jana zenye Jina la Mungu kwa Kiebrania nizitupe?

Hapana, zipeleke geniza, mahali pa kuhifadhia maandiko matakatifu yaliyochakaa, zikazikwe. Na mwaka huu usilichapishe Jina kwenye karatasi ambazo watoto wataziacha sakafuni.