Si kila tajiri alitaka makoloni

Wapo wasemao kwamba matajiri wote wa Marekani walishangilia nchi yao ilipoichukua Ufilipino. Hapana ndugu yangu, si kweli. Mwangalie Andrew Carnegie, mfalme wa chuma wa Pittsburgh. Desemba 1898, kwa mkataba wa Paris, Marekani ilikubali kuilipa Uhispania dola milioni 20 na kukabidhiwa visiwa vile, wenyeji wakiuzwa kama vyombo vya ndani. Carnegie akasema atazitoa yeye hizo milioni 20, mradi Wafilipino waachwe huru wajitawale. Serikali haikuikubali ahadi yake hiyo.

Hoja yake haikuwa huruma tupu. Aliona kwamba biashara haifuati bendera, inafuata bei nafuu. Sasa mzigo wa jeshi na manowari ng'ambo ya bahari wa nini? Tena aliuliza itakuwaje nchi iliyojikomboa kutoka kwa mfalme wa Uingereza itume askari kuwapiga risasi watu wanaotaka kilekile. Februari 1899 vita vikalipuka Manila, na ndicho kilichotokea.

Alikuwa pia miongoni mwa makamu wa rais wa Anti-Imperialist League, yaani jumuiya ya Wamarekani waliopinga nchi yao kutwaa makoloni, iliyoanzia Boston.

Ila usimfanye mtakatifu. Viwanda vyake viliiuzia jeshi la majini la Marekani mabamba ya kukinga manowari, na wafanyakazi wa kiwanda chake cha chuma cha Homestead, waliogoma 1892 wakazimwa kwa nguvu, wangekuwa na lao la kusema kuhusu kujitawala.